Wembe wa skrubu au katriji kwa anayenyoa kila siku? Shingo imejaa vipele

#1 Mkaazi_Tudor
Salaam wadau. Kazi ya mapokezi hotelini yataka uso safi siku 6 kwa wiki. Ndevu ni za kujikunja, na chini ya taya mpaka shingoni ni vipele vitupu. Kinachotumika sasa ni reza ya katriji ya makali 5, kichwa kimoja kinakwenda wiki 3. Nafikiria kuhamia ile mashine ya zamani ya skrubu inayotiwa wembe mmoja. Je, vipele vitapungua kweli? Maji ni ya kisima, kama yana uhusiano. Naomba sababu, si "jaribu uone".

#2 Baharia_Likoni
Hama. Shida ni hayo makali 5. La kwanza hushika unywele na kuuvuta juu kidogo linapoukata. Kabla haujarudi chini, la pili limeshafika na kuukata tena, kisha la tatu. Unywele ukiachiwa, ncha yake huzama chini ya ngozi. Mwenye ndevu zilizonyooka hana neno, zitatoka kwenye tundu lake kama kawaida. Za kujikunja, ncha ile iliyochongoka huchoma ukuta wa tundu na kuota ndani kwa ndani. Hicho ndicho kipele. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi, basi.

#3 Muuguzi_Kisauni
Kaka Baharia, umesema kweli lakini umeisema nusu. Kipele cha ndevu kina njia mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo yako. Ya pili, unywele unatoka nje vizuri, unakua milimita moja au mbili, kisha kwa vile ni wa kujikunja unageuka na kuichoma ngozi kutokea juu. Njia hii haijali umenyoa kwa makali mangapi. Wembe mmoja nao huacha ncha kali.

Mkaazi, kabla hujanunua chochote, ipumzishe shingo wiki 3 hadi 4. Kama kazi hairuhusu, pitisha mashine ya umeme bila kuigandamiza na ubakishe kama milimita 1. Unywele uliozama uinue kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, uache umelala juu ya ngozi. Usiung'oe, maana mpya utaanza safari yake ukiwa ndani tayari. Na kama kidonda chako kikipona huacha kovu linalovimba na kukua, usijitibu. Nenda kliniki ya ngozi.

#4 Kinyozi_MwembeTayari
Nawaheshimu nyote wawili, lakini mmelisahau suala la mkono. Kichwa cha katriji kina shingo inayocheza, na mtu hukigandamiza ndipo kifuate taya. Ngozi ikigandamizwa hutuna baina ya makali, ikakatwa pamoja na unywele. Wekundu wa shingoni mara nyingi ni huo, wala si nywele zilizozama. Mkono ule ule ukishika mashine ya skrubu, damu itatoka siku ya kwanza.

Ile mashine haitaki nguvu. Nyingi zina gramu 60 na kuendelea, na uzito huo watosha. Shika mpini karibu na mwisho wake kwa vidole vitatu. Laza mgongo wa kichwa shavuni, wembe ukiwa bado haugusi. Teremsha mpini polepole mpaka usikie umeanza kukata, hapo wembe na ngozi vimefanya pembe ya kama nyuzi 30. Kutoka hapo mkono unateremka, kifundo hakipindi. Pasi fupi za sentimita 2 au 3, suuza, endelea.

Tega na sikio. Pembe ikiwa sawa utasikia mkwaruzo mkavu, kama mbuzi ya nazi inayokuna chumba cha pili. Mkwaruzo ukinyamaza ilhali povu linaondoka, wembe umeulaza mno nao unateleza tu. Ukihisi unavutwa, umeusimamisha mno.

#5 Hesabu_Bamburi
Hakuna aliyeliona hili kwenye swali lenyewe: "kichwa kimoja kinakwenda wiki 3". Siku 6 kwa wiki 3 ni mara 18! Makali hayo yameshakufa kabla ya mwisho wa wiki ya pili. Mkaazi, shida yako inaweza kuwa ubutu tu. Badilisha kichwa kila baada ya mara 8 hadi 10 kabla ya kulaumu idadi ya makali.

#6 Baharia_Likoni
Hesabu, mbona basi vipele huwapata hata wanaotumia kichwa kipya?

#7 Hesabu_Bamburi
Huwapata, sikatai. Lakini mwenye makali butu hurudia pale pale mara tatu, nne, na kila akirudia anaongeza nguvu. Kinyozi kasema habari ya mkono, mimi nasema mkono hulazimishwa na ubutu.

#8 Mkaazi_Tudor
Ahsanteni, naandika yote. Swali dogo: ngozi ya shingo niivute au niiache?

#9 Kinyozi_MwembeTayari
Ivute kidogo. Shingo ina mikunjo, na kikoromeo kinapanda na kushuka. Wembe ukikuta mkunjo unakata mkunjo. Pale kwenye kikoromeo, isogeze ngozi kando kwa vidole mpaka ikae juu ya sehemu bapa, unyoe, kisha uiachie irudi.

#10 Muuguzi_Kisauni
Hapo sikubaliani. Ukiivuta ngozi, unywele hutokeza zaidi, unakatwa, na ukiachia unarudi chini ya usawa. Ndiyo hiyo hiyo njia ya kwanza ya Baharia, umeifanya kwa vidole badala ya makali 5. Mwenye vipele hashauriwi kuvuta ngozi.

#11 Kinyozi_MwembeTayari
Dada, kuisogeza ngozi kando si kuinyoosha kama ngozi ya ngoma. Asipoigusa kabisa atajikata.

#12 Muuguzi_Kisauni
Nimekuelewa, na mimi nabaki na langu. Ainue kidevu tu, kisha apunguze kasi.

#13 Chokaa_Nyali
Sasa nije kwenye maji, kwa sababu kasema ni ya kisima na wote mmepita. Visima vyetu vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji hayo yamebeba kalsiamu, na kisiwani Mombasa mara nyingi na chumvi ya bahari juu yake. Sabuni ikikutana na kalsiamu haitoi povu, hutoa utando mweupe, ule ule unaoganda pembeni mwa beseni. Unadhani umepaka povu, kumbe umepaka utando. Halitelezi, halishiki maji, na linakauka usoni kabla hujafika kidevuni.

Unywele wa ndevu mkavu ni mgumu kama uzi wa shaba. Ukiloa dakika 2 au 3 hulainika na nguvu ya kuukata hupungua sana. Povu baya maana yake unanyoa ndevu kavu, na hapo katriji na skrubu zote zitakuumiza. Jaribu wiki moja na maji laini ya dukani au ya mvua, kikombe kimoja tu chatosha, ndipo ulaumu chuma.

#14 Baharia_Likoni
Si achemshe tu hayo ya kisima?

#15 Chokaa_Nyali
Kuchemsha huondoa sehemu ya chokaa, ndiyo ule ukoko mweupe ndani ya birika. Chumvi haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, inazidi. Na chumvi nayo huua povu. Kama kisima chako ni cha kuonja chumvi, chemsha upendavyo, hutapata kitu.

Njia ya karibu ni sabuni yenyewe. Sabuni ya kunyolea ya kweli hutengenezwa kwa potashi na asidi ya steariki, povu lake hustahimili kuliko sabuni ya kuogea. Lowesha brashi, kung'uta mara mbili, zungusha juu ya sabuni nusu dakika, kisha ongeza maji matone machache kwa wakati. Povu zuri halina mapovu makubwa. Linang'aa kama mtindi, na ukilishika baina ya vidole viwili linateleza. Likisimama kama vilele vikavu, bado lina kiu ya maji.

#16 Mzee_Ganjoni
Vijana, mashine hizi za skrubu ndizo zilikuwa kila nyumba, na wembe wa Nacet ukiuzwa kwa moja moja dukani. Aliyezibuni ni King Gillette mwaka 1903. Katriji zilikuja baadaye kwa ajili ya kuuza vichwa.

#17 Fundi_Changamwe
Shikamoo mzee. Nasahihisha kidogo tu. Mashine yenye kinga mbele ya wembe ilikuwako kabla yake, ndugu wa Kampfe waliisajili Marekani mwaka 1880, ila wembe wake ulikuwa mnene, wa kunolewa. Alicholeta Gillette ni wembe mwembamba wa bati la chuma, wa kutumia na kutupa. Mwaka huo wa 1903 aliuza mashine 51 na nyembe 168, hati ya ubunifu (hataza) akaipata mwaka 1904. Kwa hiyo biashara ya kuuza kinachotupwa ilianza na skrubu yenyewe.

Katriji ya makali 2 ya kampuni ya Gillette ilitoka mwaka 1971, Mach3 ya makali 3 mwaka 1998, ya makali 5 mwaka 2006. Na kampuni hiyo hiyo ikarudi nyuma mwaka 2018 ikatoa SkinGuard, makali 2 tu na kinga katikati, kwa ajili ya wenye vipele. Baharia atalipenda hilo.

#18 Mzee_Ganjoni
Marahaba mwanangu. Nimesahihishika.

#19 Baharia_Likoni
Nimelipenda! Watengenezaji wenyewe wamepunguza makali.

#20 Hesabu_Bamburi
Wameweka na kinga ya kuinua kichwa kisigandamizwe. Kwa hiyo wamempa haki Kinyozi pia, usijitwalie peke yako.

#21 Fundi_Changamwe
Kabla Mkaazi hajanunua, habari ya chuma, kwa sababu hewa ya Mombasa ina chumvi na mashine haitupwi kila mwezi. Nyingi za bei ya chini na ya kati ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Kromu ikiwa nzima, sawa. Ikipasuka mahali, na hasa ndani ya hesi, yaani meno ya skrubu, ambako koti ni jembamba, maji huingia, zinki inaliwa, na siku moja unakaza skrubu inakatikia ndani ya mpini. Haitengenezeki. Ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu hata ikichubuka hailiki upesi hivyo. Ya chuma cha pua hudumu kuliko zote, bei yake nayo imesimama.

Nunua ya vipande vitatu: kofia, sahani, mpini. Ile inayofunguka kama mabawa ukizungusha kitako ina vijiti na bawaba ndani, utando wa sabuni na chumvi hukaa humo na hutaufikia kwa brashi. Ukimaliza kunyoa ilegeze nusu mzunguko, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kung'uta, iache isimame penye upepo, nje ya bafu. Mara moja kwa wiki ifungue yote, piga hesi kwa mswaki mkuukuu na weka tone la mafuta ya cherehani.

#22 Binti_Majengo
Na wembe wenyewe je? Wangu hupata madoa ya kutu siku ya tatu. Natumia kwa miguu na makwapa.

#23 Fundi_Changamwe
Wembe ni chuma cha pua cha kromiamu kama asilimia 13, unene wake milimita 0.1 tu. Chumvi hukishinda. Baada ya kusuuza, tumbukiza kichwa kwenye kikombe cha spiriti kwa sekunde chache. Spiriti huyasukuma maji nje, kisha inakauka yenyewe. Usiupanguse wembe kwa taulo, utaharibu makali na vidole vyako.

Lakini kutu si ndiyo inayoua makali mara nyingi. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Marekani, walinyoa ndani ya darubini ya elektroni na kutazama. Unywele ni laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, hata hivyo uliumegua ukingo. Pale unywele unapoupiga ukingo kwa mshazari, na chuma hapo hakiko sawasawa, kipande kidogo kinatoka. Makali hayaliki taratibu kama kisigino cha ndara, yanapata mapengo.

#24 Chokaa_Nyali
Na unywele uliolowa vizuri hupiga kwa nguvu ndogo. Narudi pale pale kwenye maji yangu.

#25 Binti_Majengo
Ahsante Fundi. Kwa dada wanaosoma: mguuni, mashine ya skrubu ni nzuri kwenye muundi na paja, pasi ndefu kidogo, bila kuigandamiza kwenye mfupa. Gotini kunja mguu kwanza. Kwapani katriji ni rahisi zaidi, kwa sababu pale pana bonde na nywele zinaelekea kila upande, kichwa kinachocheza kinafaa. Naona mnabishana kama lazima kitu kimoja kifanye kazi zote. Na mafuta ya nazi paka baada ya kunyoa, si kabla. Ukipaka kabla, hujaza nafasi baina ya makali ya katriji na hayatoki kwa maji baridi.

#26 Baharia_Likoni
La mafuta ni kweli tupu. Katriji iliyoziba haikati, inakokota.

#27 Kinyozi_MwembeTayari
Niongeze la wenye ndevu, maana wengi hapa hawanyoi zote, wanachora mstari wa shavuni na shingoni. Katriji ya makali 5 ni pana, inaficha mstari. Unashusha mkono ukidhani uko nje ya ndevu, unainua unakuta umekula nusu kidole. Skrubu unaona ukingo mmoja tu, ni afadhali. Bora kuliko zote ni kile kishikio cha kinyozi kinachotiwa nusu wembe. Vunja wembe kwa urefu ukiwa bado ndani ya karatasi yake, usiufungue kwanza.

Na dukani kwangu au kwa mwengine, mwambie kinyozi afungue wembe mpya mbele ya macho yako.

#28 Muuguzi_Kisauni
Hilo nalitia mkazo. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, na damu yenyewe si lazima ionekane. Nyumbani pia, ndugu na ndugu wasichangie wembe wala kichwa cha katriji. Mpini wachangie wakitaka, baada ya kuusafisha. Wembe uliokwisha usiutupe jalalani ukiwa wazi, kuna watu wanaochokoa taka kwa mikono. Chukua kopo la maziwa la bati lililofungwa bado, toboa ufa mwembamba kifunikoni, mimina maziwa, suuza, uwe unadondosha nyembe humo. Likijaa, pondea ufa kwa nyundo.

#29 Hesabu_Bamburi
Gharama. Bei zinatofautiana Marikiti na supamaketi, kwa hiyo kila mtu atie yake. Siku 6 kwa wiki ni kunyoa mara 312 kwa mwaka. Wembe mmoja ukipewa mara 5, ni nyembe 63, yaani pakiti 13 za nyembe tano tano. Kichwa cha katriji kikipewa mara 10 kama nilivyosema, ni vichwa 32. Zidisha uone. Mwaka wa kwanza ongeza bei ya mashine, brashi na sabuni, usijidanganye kwa kuviacha.

#30 Mkaazi_Tudor
Nimerudi. Mashine imenunuliwa, vipande vitatu, shaba ya manjano. Shingo imepumzishwa wiki 3 kwa mashine ya umeme kama alivyosema Muuguzi. Maji ni ya dukani, kikombe kimoja. Shavu la kulia safi kabisa, la kushoto inauma na kuna michubuko. Wembe mpya. Kosa liko wapi?

#31 Fundi_Changamwe
Tazama kichwa kutokea juu, mbele ya taa. Ukingo wa wembe umetokeza sawa pande zote mbili? Ukiona upande mmoja umetoka zaidi, ndio unaokuuma. Fungua, geuza kofia chini juu, weka wembe kwenye vijiti vyake, weka sahani, kisha bana ncha fupi za wembe kwa vidole huku ukikaza mpini. Ncha fupi hazina makali. Kaza mpaka ikatae, usiongeze.

#32 Kinyozi_MwembeTayari
Au wembe uko sawa na ni mkono. Anayetumia mkono wa kulia, akifika shavu la kushoto hupitisha mkono mbele ya uso na mpini unateremka mno bila yeye kujua. Sikiliza mkwaruzo, ulinganishe na wa kulia.

#33 Muuguzi_Kisauni
Au ndevu za shavu la kushoto hazielekei chini. Ziache siku 2, pitisha kipande cha pamba. Upande inaponasa ndio kinyume, upande inapoteleza ndio uelekeo wake. Shingoni utashangaa, mara nyingi zinapanda au zinalala kando. Pasi ya kwanza ifuate uelekeo, ya pili ikate kwa ubavu. Ya kinyume usiifanye shingoni.

#34 Mkaazi_Tudor
Wembe uko sawa, nimeupima mbele ya taa. Pamba nimeipitisha: kushoto chini ya taya ndevu zinaelekea sikioni. Na mkwaruzo kushoto ni mkubwa zaidi kuliko kulia. Kwa hiyo ni Muuguzi au Kinyozi?

#35 Kinyozi_MwembeTayari
Mkwaruzo mkubwa ni pembe. Inua mpini kidogo.

#36 Muuguzi_Kisauni
Mkwaruzo mkubwa ni kukata kinyume. Geuza uelekeo kwanza, pembe uiache ilivyo, usibadilishe viwili siku moja.

#37 Mzee_Ganjoni
Mwanangu, ukishanyoa kesho lowesha jiwe la shabu, pitisha uso mzima, ngoja nusu dakika kabla ya kusuuza. Panapowasha ndipo wembe ulipopita vibaya. Njoo utuambie ni chini ya taya au ni shavuni.